Sikio la Doto

Januari 1975, wazazi wa kijiji chetu cha ujamaa huko Lusu walipanga foleni mbele ya shule, watoto wao wamepakwa mafuta mpaka inzi wanateleza. Mimi, Marko, nilikuwa mezani naandika majina. Mwalimu Luhende alinipa kazi hiyo kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kijiji kizima kilikuwa kimechoka kuniona nimekaa.

Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, basi kipimo kilikuwa mkono: mtoto anaupitisha juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, ana miaka saba. Asipolifikia, arudi nyumbani akaurefushe.

Ikafika zamu ya dada yangu Getruda na mapacha wake. Kulwa alishika sikio bila shida. Mikono mirefu kama ya baba yake. Doto, msichana, akavuta, akajipinda, akatoa ulimi. Vidole vikaishia kwenye nywele.

"Kulwa aingie," alisema mwalimu. "Doto mwakani."

"Mwakani?" Dada alishika kiuno. "Mwalimu, hawa niliwazaa siku moja. Kati yao hata uji haukupoa!"

"Mama, kipimo ni mkono."

"Basi tazama na meno!" Akamfungua Doto kinywa kama anauza mbuzi. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Ya Kulwa yalikuwa yote ya utoto, hata moja halijalegea.

"Kwa meno, Doto mkubwa," nilisema. "Kwa mkono, Kulwa. Labda tusajili mkono wa huyu na kinywa cha yule."

"Marko, andika. Usichekeshe watu."

Doto hakucheka. Alikuwa anauvuta mkono wake kwa mkono mwingine, machozi yanamlenga. Tangu azaliwe hakuwahi kukaa asubuhi moja bila Kulwa.

Mwalimu akamgeukia Kulwa. "Jina lako nani?"

Kulwa akatazama vidole vya miguu.

"Jina la baba?"

Kulwa akamtazama Doto. Huyu hata nyumbani akitaka maji humnong'oneza Doto, na Doto ndiye anayeomba.

"Anaitwa Kulwa Bernardo," alijibu Doto, bado anavuta mkono. "Anajua kuhesabu mpaka ishirini, ila ananihesabia mimi tu. Na sasa hivi anataka kukojoa."

Kulwa akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyu nitaongea naye kupitia nani mwaka mzima?" Dada akafungua mdomo, lakini mwalimu akamwahi. "Waandike wote wawili, Marko. Dawati moja."

"Umri wa Doto niandike miaka mingapi?"

"Ule ule wa mwenzake. Hukusikia uji haukupoa?"

Doto akamshika Kulwa mkono, wakaenda nyuma ya darasa mbio.

Mwezi wa nane nilikuwa napukuchua mahindi uani wakaja wote wawili. Doto alikuwa ameshika sikio lake, amelikamata hasa, hataki kuliachia. Kulwa akampita, akasimama mbele yangu, akafumbua kiganja.

"Mjomba," alisema mwenyewe, "jino langu limetoka."