Kuonja si Kula

Binti yangu alitia kufuli kabati la jikoni siku ya Jumanne, na mpaka leo nikilikumbuka kufuli lile hasira hunipanda.

Lilikuwa kufuli dogo la shaba, la kufungia sanduku la safari. Kabati lenyewe nililinunua mimi, nikalipandisha ngazi mimi na marehemu mke wangu, yeye mbele mimi nyuma, kabla binti huyo hajaota meno. Nina miaka sitini na tisa. Miaka arobaini na mmoja nimesimama mbele ya tanuri la mikate, na watu huniita Mzee Hamira. Mtu wa namna hiyo hafungiwi kabati kama panya.

Chanzo cha yote ni goti langu la kulia. Daktari wa mifupa aliitazama picha yake, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, goti nitalipasua. Lakini si kwa uzito huu. Punguza kilo kumi na mbili, nakupa miezi mitatu. Mwezi wa kwanza nataka kuona kilo tatu zimetoka. Zisipotoka, nafasi yako nampa mwingine, maana foleni ni ndefu."

"Na nisipopasuliwa?"

"Basi tafuta kazi ya kukaa."

Kazi ya kukaa! Mbele ya tanuri hakuna kiti. Ukikaa, mikate inaungua. Maana yake alikuwa ananiambia niache kazi, na mimi kazi sikuwa tayari kuiacha.

Mama wa lishe pale pale hospitalini akanipa kijitabu cha kula bila wanga. Nilikisoma mara mbili, kwa kamusi na penseli. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na miwili, katika darasa la jioni, katikati ya akina mama wenye watoto mgongoni na mlinzi mmoja aliyekuja na rungu lake moja kwa moja toka kazini. Aliyesoma hivyo haruki mstari. Nikaelewa kwamba mwili huchoma sukari kwanza, kama moto unavyokimbilia karatasi. Ukiunyima karatasi, utalazimika kuchoma magogo, yaani mafuta yaliyolala tumboni. Mafuta yakiungua, dalili yake hutoka kwenye mkojo, na kuna vikaratasi vya kupimia: kikigeuka zambarau, umefika. Wanga usizidi gramu ishirini kwa siku. Kwa hiyo mkate basi, wali basi, viazi basi, sukari basi. Mayai, samaki, nyama, mboga za majani na parachichi, ruksa.

Nikanunua daftari. Kila nilichokula nilikiandika kwa mwandiko mzuri. "Asubuhi: mayai mawili, chai kavu bila sukari. Mchana: kabichi sahani moja, samaki kipande cha ukubwa wa kiganja." Wajukuu walikula maandazi mbele yangu nami nikatazama ukuta. Wiki tatu nzima.

Na kila asubuhi kile kikaratasi kilibaki na rangi ya biskuti. Asubuhi ishirini na moja, biskuti ishirini na moja. Uzito ulipungua nusu kilo, na hiyo nusu nadhani ni nywele, kwa sababu nilikuwa nimetoka kunyoa.

Binti yangu ni nesi. Jumatatu ile alirudi zamu, akakikuta kikaratasi changu ukingoni mwa sinki, akaja nacho sebuleni amekishika kwa ncha za vidole.

"Baba, unakula nini?"

"Soma daftarini."

"Daftari nimelisoma. Daftari linafunga saumu. Tumbo je?"

"Unaniita mwongo?"

"Sijasema hivyo. Nasema hiki kikaratasi hakina sababu ya kudanganya."

"Na mimi ninayo?"

Akakiweka kikaratasi juu ya daftari langu. Hapo ndipo aliponichoma. Mkwe wangu alikuwa mezani na sahani ya wali. Nikamgeukia. "Wewe mkwe, umewahi kuniona nikila mkate nyumba hii?"

"Mimi simo, Mzee," akasema, akainamia sahani kama anayetafuta sindano.

Kesho yake ndipo kufuli likaingia kabatini. Nilikaa siku mbili bila kusema na mtu humo ndani. Watoto wakiniamkia naitikia, basi.

Alhamisi ikawa mbaya zaidi. Nilikuwa natoa mikate ya pili ya asubuhi. Kati ya tanuri na duka kuna dirisha la kupitishia trei, na kwenye dirisha hilo husikia kila kinachosemwa kaunta. Nikasikia sauti ya binti yangu. Anasema na Shangazi, mwanamke anayeuza pale kaunta, ambaye sote tunamwita hivyo, hata tajiri mwenye duka.

"Shangazi, nakuomba sana. Baba yangu msimpe mkate. Hata akiomba."

Hata akiomba!

Duka lilikuwa limejaa. Watu walicheka, na dereva wa gari la kusambaza mikate akapaza sauti, "Jamani, Mzee Hamira kaachishwa ziwa!" Wakacheka tena, hata mtoto aliyetumwa na mama yake.

Mimi sijawahi kuomba mkate. Mikate ya mtaa ule yote hutoka mikononi mwangu. Wanaoomba ni wao. Nilisimama pale na ubao mrefu wa kutolea mikate mkononi, nikasahau kwamba tanuri halingoji hasira ya mtu. Trei mbili ziliungua chini, nyeusi tii. Tangu nilipomzika mke wangu nilikuwa sijaunguza trei.

Binti alipoondoka nikaenda kaunta hivyo hivyo na unga wangu usoni.

"Shangazi, wewe uko hapa miaka kumi na tano. Hebu sema mbele ya hawa. Lini umeniona nakula mkate?"

"Kula? Sijakuona ukila."

"Mmesikia?"

"Nimekuona ukionja."

"Kuonja si kula!"

Aliniangalia, akajifuta mikono kwenye aproni. "Haya, Mzee wangu. Si kula."

Hapa lazima nieleze, maana asiye wa kazi hii hawezi kujua. Fundi aliyenifundisha alikuwa mkali kuliko tanuri lake. Kwake, aliyekamatwa anakula mkate wa duka alifukuzwa siku hiyo hiyo. Lakini aliyetoa mikate kwenda kaunta bila kuionja alifukuzwa pia. Ndiyo maana akatuwekea sheria: kuonja si kula. Unaonja umesimama, kwa mkono wa kushoto, bila chai, na ukimaliza unasema umeonja nini: chumvi, hamira, ganda. Anayekula hukaa. Sheria hiyo nimeishi nayo na nimewafundisha wote waliopita chini yangu. Sikuwa naificha daftarini. Haikunijia kabisa kwamba kuna kitu cha kuandika, kama ambavyo huandiki kwamba umevuta pumzi.

Ijumaa nikaingia kazini sisemi na Shangazi. Nikamwona ameweka bakuli kwenye kizingiti cha dirisha, amelifunika kitambaa. Kila nilipomega mkate, naye alimega mkate ule ule, akatia bakulini.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kuku wangu. Au na wao wamekatazwa?"

Nikaachana naye. Nikaonja mikate ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaonja ile ya maziwa, ile ya umbo refu, na skonzi za trei tatu, maana skonzi hubadilika trei kwa trei. Nikaonja na unga mbichi uliokandwa, kidogo, kujua chumvi. Kama kila siku.

Saa sita mchana, duka limetulia, akaniita. Akaliweka bakuli tupu lingine kwenye mizani kwanza, akarudisha sindano kwenye sufuri, kisha akamimina. Mizani ile huigusa mimi tu. Kila Jumatatu naipima kwa mawe yake. Sindano ikapanda, ikatikisika, ikasimama.

Gramu mia tatu na arobaini.

"Kuku wako watanenepa," nikasema.

"Si wa kuku. Ni wako. Ulichomega nilimega, kipande kwa kipande."

"Umemega vikubwa!"

"Basi kesho mega, mimi nikate mbele yako."

"Mizani imeharibika."

"Mizani yako mwenyewe, Mzee Hamira? Ile usiyotaka tajiri aiguse?"

Nikaigonga mizani kwa kidole, sindano ikabaki pale pale. Lile bakuli lilikuwa mlima. Kama mtu angenipa sahani hiyo nyumbani ningesema hawezi kuimaliza mtu mmoja. Nikakaa. Ndani ya duka lile nilikuwa sijawahi kukaa kabla ya saa nane.

"Nyani haoni kundule," Shangazi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana ana wenzake mtini. Ungeniuliza tangu mwanzo ningekwambia. Lakini wewe huulizi, unafoka."

Nikatoa penseli sikioni. Kijitabu kilisema nusu ya mkate ni wanga, kwa kukadiria. Nusu ya mia tatu na arobaini ni mia moja na sabini. Ruhusa yangu ishirini. Mara nane na nusu, kila siku, kwa wiki tatu! Kabichi yote ile ya bure. Maandazi yote yale niliyoyageuzia uso, na tumbo langu linashiba kwa mlango wa nyuma. Hasira ikazunguka ikitafuta wa kumkalia. Ikaenda kwa Shangazi, ikaenda kwa binti, ikaenda hadi kaburini kwa yule fundi na sheria yake. Kote ikakosa nafasi, ikarudi kwangu.

Nikaufunga mzigo ule kwenye kitambaa nikatembea nao hadi nyumbani, goti likilia kila hatua. Binti yangu alikuwa anapiga pasi sare yake. Nikaweka kitambaa mezani, nikakifungua.

"Nini hiki, Baba?"

"Nilichoonja leo. Mpaka saa sita tu."

Akatazama. Akaiweka pasi wima. Ni nesi, hesabu aliifanya haraka kuliko mimi. "Kila siku?"

"Kila siku. Na daftarini niliandika nilichokijua. Sikukudanganya."

"Naona, Baba. Lakini nami nilikosea wapi? Si ulikuwa unakula kweli?"

"Ulikosea uliposema 'hata akiomba'."

Akaichomoa pasi. "Niliogopa. Siku zimebaki nane. Nikakuona akilini umekaa tu kwenye kiti, kama mama alivyokaa mpaka—"

"Hofu yako ungeniletea hapa sebuleni, mimi na wewe. Haitangazwi kaunta mbele ya dereva. Miaka arobaini na mmoja, mwanangu! Umenivua nguo mahali nilipozivalia."

Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akanisogezea mezani. "Nisamehe, Baba."

Sikuugusa. "Lifungue wewe. Uliyelifunga ni wewe."

Akaenda akalifungua. Nikamsikia anavuta pumzi za kulia huko jikoni, nami nikakaa na kitambaa changu cha mkate. Sikumfuata. Nilikuwa nimemsamehe, ila hasira ilikuwa haijapata habari.

Jumamosi nikamwambia Shangazi, "Kuanzia leo unaonja wewe."

"Mimi? Mimi najua kuuza."

"Simama wima. Mkono wa kushoto. Usinywe chai. Haya."

Akatafuna, macho juu. "Mtamu."

"Mtamu husema mteja! Nimekuuliza utamu? Sema chumvi!"

"Wewe mzee, utakuja kufa na sauti hiyo." Akamega tena, akatafuna polepole, akakunja uso. "Chumvi imepungua."

Nikaunusa mkate, nikaugonga chini kwa kidole, nikausikiliza. Pua na sikio havikuniambia kitu juu ya chumvi. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu ilibidi nimwamini mtu mwingine juu ya mkate wangu mwenyewe, na nakiri kwamba ilinikera kuliko njaa. Nikaongeza chumvi kwenye donge lililofuata. Akaonja. "Hapo sawa," akasema.

Siku ya tatu kichwa kiliniuma kama kimebanwa na mlango. Binti akanipa maji ya chumvi, bila maneno. Siku ya tano kikaratasi kikageuka zambarau, hafifu, lakini zambarau. Nilikiweka ukingoni mwa sinki mahali pale pale, akione mwenyewe.

Usiku huo nikachukua kalamu nyekundu nikarudi nyuma katika daftari. Chini ya kila siku, mara ishirini na tano, nikaandika: "Na mkate, gramu mia tatu na arobaini." Sikuchana hata ukurasa.

Siku ya hospitali binti alinisindikiza. Nikapanda mizani. Daktari akasoma, akasoma tena. "Kilo tatu na robo. Umefika." Nikamwambia karibu zote zimetoka wiki hii. Akafungua daftari, akaona wekundu. Mlango ulikuwa wazi, foleni yote inatazama ndani. "Mzee, hii mikate ni ya nini? Uliionja tu kazini?"

Binti yangu alifungua mdomo, kisha akaufunga. Niliona jinsi alivyoufunga.

"Niliila," nikasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni.

Daktari akaniandikia: nafasi ipo, turudi mwezi ujao. Goti liliniuma njia nzima ya kurudi. Binti akanipa bega, nikalishika, na mpaka tunafika mlangoni nilikuwa bado nimenuna.