Mshipi wa Juu ya Moto

Mshipi wangu ulikatika mara ya tatu asubuhi ile, na Aloyce akacheka mpaka akakaa kwenye majani.

"Shemeji, unavua samaki au unawagawia ndoana?"

Aloyce ni kaka yake Cresensia, msichana ninayetaka kumuoa. Amekulia Ludewa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na alikuja kwetu Kitandililo kunipima kabla baba yao hajapokea barua yangu ya posa. Jana yake nilijigamba kwamba kambale mkubwa wa bwawa letu ni wangu. Akanibana hapohapo: "Mtoe. Ukimtoa, barua naipeleka mwenyewe. Ukishindwa, nitamwambia mzee kwamba huyu ana mdomo tu."

Niliokota kipande kilichobaki nikakivuta kwa vidole. Kilikatika kama jani kavu.

"Ulikuwa unauweka wapi?" aliuliza.

"Jikoni, kwenye uchaga juu ya moto."

Kwetu, kwa baridi na ukungu huu, kitu cha thamani hukaa pale, pamoja na mahindi ya mbegu.

"Umekausha nailoni kama mahindi! Ninyi Wabena, jamani!"

"Cheka, umalize," nilisema. "Nikirudi utanyamaza."

Nilipanda bodaboda hadi Makambako, nikarudi na mshipi mpya, mnene kidogo. Nilipoanza kufunga ndoana, Aloyce alishindwa kujizuia.

"Tia mate kwenye kifundo kabla hujakaza. Kikikazwa kikavu, kinajiunguza."

Iliniuma kufundishwa naye. Nilitia mate. Nikautupa mshipi mbali na visiki, na kila nilipouvuta niliupitisha kati ya vidole kutafuta mkwaruzo. Niliupata mmoja, nikakata kipande kile, nikafunga upya.

Saa sita kambale akameza chambo, akakimbilia visikini.

"Vuta!" Aloyce alipiga kelele. "Vuta, mwanaume!"

Sikuvuta. Nilimlegezea, nikatembea naye ukingoni hadi upande usio na visiki, magoti matopeni. Akivuta, nampa, akichoka, nachukua. Sasa nilijua ni wangu. Alipolala ubavu, Aloyce mwenyewe alirukia majini na viatu vyake akamkumbatia.

Alitoka amelowa hadi kifuani, akafuta kiganja kwenye nyasi, akaninyooshea.

"Barua iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu tangu alfajiri.