Chumba cha Gundi

Kazini walimwita Spika, na jina hilo hakulichukia. Ndiye aliyekuwa mdomo wa kiwanda cha viatu: gazeti likiuliza, anajibu yeye, mteja akija juu kwamba soli imebanduka, anatulizwa na yeye. Wenzake walitania kwamba Spika akikuomba radhi, unaondoka umenunua jozi nyingine.

Mwaka huo watu walianza kuulizauliza mitandaoni viatu vile vinatengenezwaje hata vikawa rahisi namna ile. Mkurugenzi akaona dawa ni kuwafungulia wateja mlango waje wajionee.

"Hatuna cha kuficha," akamwambia Spika. "Andika hivyohivyo kwenye bango."

Spika akaandika, kisha akapanga njia ya kuwapitisha wageni: ghala la ngozi, mashine za kukatia, cherehani, meza za ukaguzi, halafu soda na keki uani. Chumba cha gundi hakukiweka. Hakuna aliyemwambia akiache, wala hakungoja kuambiwa. Yeye mwenyewe kila alipopita mlango ule alibana pumzi na kuongeza mwendo.

Siku ilipofika, mama mkwe wake naye akaja. Mama huyu alikuwa mteja wa kufa na kuzikana. Wajukuu zake wote walivaa viatu vya kiwanda hicho, na mtaani hakuna jirani ambaye hakuwa ameambiwa kwamba mkwewe ni mkubwa pale. Alivaa gauni lake la kuendea harusini, akatembea mbele ya wote, na kila Spika aliponyamaza kuvuta pumzi, yeye aliitikia, "Enhee!"

Walipofika kwenye cherehani, mama akamvuta mkono. "Mwanangu, msalani wapi?"

"Korido hiyo, mama. Mlango wa kushoto."

Mama akaenda. Spika akaendelea kueleza habari za uzi, watu wakicheka pale alipotaka wacheke. Mama aliporudi alikuwa ameziba pua kwa ncha ya mtandio, machozi yanamchuruzika.

"Nimekosea mlango," akasema, na hakunong'ona hata kidogo. "Kule ndani kuna dada amekaa sakafuni, kichwa magotini. Nikamuuliza, unaumwa? Akaniambia, siumwi mama, ni gundi tu, itapita. Mbona huko hukutupeleka?"

Wageni wote wakamgeukia Spika. Jibu alikuwa nalo, limekaa kwenye ncha ya ulimi: chumba kile kiko kwenye matengenezo, karibuni keki. Angelisema, na nusu ya watu wale wangeridhika. Lakini aliyeuliza alikuwa amesimama mbele yake na mtandio puani, anamtazama kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba ameona vibaya.

"Ni chumba cha kubandikia soli," akasema. "Hewa yake ni mbaya. Sikuwapeleka kwa sababu nilijua mkikiona mtauliza."

Mkurugenzi, aliyekuwa nyuma ya kundi, akapenya mpaka mbele akicheka kicheko cha meno matupu. "Jamani, feni zipo! Ila zikiwashwa, gundi inakauka kabla soli haijakaa, na viatu vinarudishwa. Ni mambo ya kiufundi tu."

"Na hao wanaobandika?" akauliza baba mmoja mwenye miwani. "Nao ni mambo ya kiufundi?"

Kicheko kikamkauka mkurugenzi. "Haya, tuseme ukweli. Mashine ya kuvuta hewa naijua. Gundi isiyo kali naijua. Bei ile mnayoipenda mnadhani inatoka wapi? Nikipandisha kidogo tu mnahamia kwa mwingine. Nani kati yenu aliwahi kuniuliza?"

"Usitubebeshe mzigo wako," baba wa miwani akasema. "Kiwanda ni chako."

"Ni chake, kweli," mama mkwe akasema taratibu. Alikuwa ameshusha mtandio. "Lakini na mimi nimo. Nilipoiona bei ile dukani nilikwenda kuwaita majirani. Sikujiuliza imewezekanaje. Nilifurahi tu." Akamgeukia mkurugenzi. "Langu nimesema, baba. Sasa sema lako."

Mkurugenzi akatazama saa yake. Spika akapiga moyo konde, akawaongoza koridoni, akafungua mlango wa chumba cha gundi, na wageni wakaingia kwa zamu, maana chumba hakikuwatosha. Yule dada mbandikaji alikuwa amekwisha kuinuka. Alifuta mikono kwenye aproni, akiwaangalia kwa wasiwasi.

"Sisi viatu vyenu hatununui tena!" mwanamke mmoja akasema kwa uchungu.

"Ah, dada, usinifanyie hivyo," mbandikaji akajibu haraka. "Usiponunua, mimi nakaa nyumbani. Nunua, ila uliza. Mimi nataka hewa, sitaki kufukuzwa."

Keki siku hiyo zilibaki.

Kwa muda mkurugenzi alimpita Spika kama anapita nguzo. Spika akaanza kurudisha vitu vyake nyumbani kidogokidogo, leo kikombe, kesho viatu vya akiba. Alipoitwa ofisini alikwenda na mkoba wake kabisa.

"Mashine ya kuvuta hewa nimeagiza," mkurugenzi akasema bila kumwangalia. "Bei itapanda. Kawaeleze watu kwa nini. Mdomo si unao?"

"Nitawaeleza," Spika akasema. "Na tusiyoyajua pia nitayasema. Wakiuliza ngozi inatoka wapi, nitasema bado hatujui, tunafuatilia."

Mkurugenzi akashusha pumzi ndefu. "Utanimaliza wewe."

Lakini hakumkataza.

Haikuwa rahisi. Bei ilipopanda, wateja wengi walihama kimyakimya, na kazi za Jumamosi zikasimama, jambo lililowauma hata wale waliopata hewa. Mtaani, mama mkwe alisemwa kwamba amewaharibia watu bei. Alivumilia, akaanza kupeleka viatu vya wajukuu kwa fundi vishonwe badala ya kununua vipya kila vinapochanika. Kwa Spika alikuwa amepoa kidogo. Ilimchukua muda kumsamehe ule mpango wa njia, na hakuficha kwamba hajamaliza kumsamehe.

Siku moja, saa ya mapumziko, Spika alimkuta mbandikaji uani, amekaa juani na kopo la maji. Akamuuliza hali.

"Kichwa kimetulia," mbandikaji akasema. "Mfuko ndio haujatulia." Akacheka, akanywa maji. "Jana nimembeba mwanangu, nikasikia harufu yake. Nilikuwa nimesahau ananukiaje."

Spika akavuta kigoda. Akaketi kando yake mpaka kengele ilipolia.