Kaa Katika Beseni la Supu

...na kaa huyu mmoja hafi, anavua gamba, tazama, limepasuka kwa nyuma na yeye anatoka kinyumenyume, polepole, humu humu kwenye beseni langu la kaa wa supu, jikoni maji ya akple, ugali wetu, yanachemka, ufunguo wa akiba wa chumba cha Yayra uko mkononi mwangu na wifi yangu Dzigbordi anapiga kelele uani, "Wifi, fungua huo mlango! Binti aoze ndani kwa sababu ya mwanamume?", tangu wale wakwe wa Kpando walete neno kwamba harusi haipo tena mwanangu amejifungia, nimegonga, nimeita, nimebembeleza, leo nafungua, nimeapa... lakini huyu kaa, jamani, gamba kama hili kila muhula nalitia kwenye asidi mbele ya wanafunzi wangu, povu linafoka, chokaa yote inayeyuka, kinachobaki ni ngozi laini inayopitisha mwanga, unaikunja na haivunjiki, ndiyo ile tunayoiita kitini, nyuzi ndefu za aina ya sukari zilizoshikana na protini, tabaka juu ya tabaka, kila moja limegeuzwa kidogo kuliko la chini yake ili ufa ukianza usipate njia, nani alimfundisha kaa useremala huo, miaka yote nafundisha na bado nashangaa kama mtoto... "Huyo naye mvute basi, tupike!", wifi amechungulia dirishani, "mnafanana nyie, kuganda tu!"... nimvute? akivutwa miguu inabaki ndani, na hili gamba jipya, laini, lenye mikunjo, hakulianza leo, alilitengeneza chini ya lile la zamani, kimya kimya, amejikunyata, hagusi chakula, nasi tukimwona tunasema huyu amekwisha, kumbe yuko kazini... Yayra... sahani ya jana aliirudisha mlangoni ina maganda matupu ya kaa, amefyonza mpaka magando, na asubuhi nimemsikia akiburuta kiti kwenda dirishani, anayeoza haburuti kiti... ee mwanangu, nilikuwa naja kukung'oa... nina haya, nina furaha, sijui nina nini... "Wifi! Ufunguo unao au huna?"... ninao, nimeshaufunga fundo kwenye ncha ya kitenge changu, kaa hajamaliza kutoka, mguu mmoja bado uko ndani, maji yanachemka, yachemke, "Ninao, wifi," nasema, "atafungua mwenyewe."