Bibi Kumi na Mmoja Kati ya Guangzhou na Magomeni

Usiku wa jana, tena sikuwa nimeshiba kupita kiasi, niliota niko uwanja wa ndege wa Guangzhou nimevaa kanzu ya harusi. Dada yangu Mwantumu anaolewa Magomeni, leo hii, baada ya alasiri. Baba hatunaye, kwa hiyo walii wa kumwoza ni mimi. Nisipofika, shehe atakaa tu anakunywa kahawa.

"Kilomita elfu nane na mia kadhaa," likasema begi langu kabla sijauliza.

Sikuliamini. Begi hilo niliuziwa na mtu aliyeapa kuwa ni la ngozi.

"Kwa saa ngapi?"

"Kumi na moja. Si hao hapo wamekaa."

Nageuka. Kwenye viti vya abiria wamekaa bibi kumi na mmoja, wamejitanda kanga, miguu wameinyoosha njiani. Ndio saa za safari. Ndege hakuna, unawapita wao, na mkubwa hapitwi bila kuamkiwa. Nikahisi nimetegwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Akakunja miguu. Nikampita, na wa pili, na wa tatu. Kwa bibi wa tano viti vilikuwa juu ya Bara Hindi, pananukia bizari. Kwa wa nane chini palikuwa maji matupu. Hawajambo, hawajambo, hawajambo. Ilikuwa rahisi mno, na mimi jambo likiwa rahisi mno hupapasa mfuko kwanza.

Bibi wa kumi na moja alikuwa amekaa juu ya Magomeni kabisa, anatafuna tambuu. Chini naliona turubai la harusi. Naiona mikono ya Mwantumu, imepakwa hina.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Umejuaje?"

Nikajifanya naweka sawa kola ya kanzu.

"Bwana harusi anaitwa nani?"

Nikamshuku papo hapo. Nani kamtuma huyu? Nikalitafuta jina kichwani, nikaikuta friji niliyowatumia mwaka jana, na rangi yake. Jina halikuwepo. Niliona aibu, tena aibu ya kweli.

"Shekue," akasema, akanitemea tambuu kwenye mkono wa kanzu. "Rudi ukaanze upya."

Nikaamka chumbani kwangu, Guangzhou, nimelala na fulana. Harusi ni keshokutwa, na nilishawaambia ni mbali mno, walii awe ami, ndugu yake baba. Nikapiga simu.

"Mwantumu, Shekue hajambo?"



"Kaka, nani kakutajia?"

"Kwani ni siri?"

"Mama alituapisha. Alisema usitajiwe mpaka uulize mwenyewe. Miezi mitatu tunangoja uulize."

Nilikuwa nautazama mkono wa fulana, penye doa jekundu, bado bichi.

"Mwambie ami akae tu," nikasema. "Nakuja."