Nyasi za Kumtia Aibu

Mwanangu Masalu ana akili ya kuchimba dhahabu chini ya ardhi, lakini akili ya kulala hana. Nasema hivyo kwa sababu alitaka kuiezua nyumba yangu.

Nyumba yangu ni ya udongo na nyasi. Yake, hapohapo uani, ni ya tofali za kuchoma na bati la bluu, na haina dari. Mwezi wa kumi ukiingia, mle ndani hapakaliki. Mkewe, Loveness, hutandika mkeka nje akaliwa na mbu. Mwezi wa saba bati hilohilo linakuwa barafu, mjukuu wangu anakohoa mpaka asubuhi. Kwangu joto likizidi nje, ndani pamepoa. Baridi ikija, blanketi moja linanitosha. Halafu eti mimi ndiye namtia aibu.

"Mayu, mama yangu, wenzangu wa mgodini wakija wananicheka," akaniambia. "Nakuwekea bati."

"Wenzako wanalala kwangu?"

"Nimeshaongea na fundi. Jumamosi anaezua."

Paa lile aliliezeka marehemu baba yake. Na Masalu hata kuniuliza hakuniuliza. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda.

Jumamosi nilikwenda shamba alfajiri, maana sikutaka kuona. Jua lilipochoma nikarudi. Fundi Marselino alikuwa ndiyo anasimamisha ngazi. Nikaingia nitoe vyombo vyangu, nikamkuta Masalu kitandani kwangu, kinywa wazi, anakoroma.

Nikatoka. Loveness akatazama chini.

"Mayu, tusamehe. Kila akitoka zamu ya usiku, ukishaenda shamba, analala kwako. Kwetu mchana ni tanuri. Leo kasema ajinyooshe kidogo akimsubiri fundi."

Kumbe. Miezi yote hiyo ananisema, na mgongo wake uko kwenye godoro langu.

"Mama, nianze?" Marselino akauliza.

"Anza. Anzia hapo juu ya kitanda."

Fungu la kwanza lilimwangukia usoni. Akatoka mbio, nyasi kichwani, jicho jekundu.

"Nani kakwambia uanze?"

"Mimi," nikasema. "Si nyasi zinakutia aibu? Ulikuwa unatafuta nini chini yake?"

Akamwangalia mkewe, akaangalia bati lake linavyowaka kwa jua.

"Marselino, shuka," akasema taratibu.

"Hashuki," nikamwambia. "Aliezeke kwanza hilo tundu. Na nyasi utakwenda kukata wewe, sasa hivi, na usingizi wako huohuo."