Unga Uliohesabiwa Kuwa Hai

Mwaka wa tisini na nane, katika maabara moja ya ghorofani mtaa wa Ganjoni, Dama alianza kumshuku mkubwa wake wa kazi, Bwana Kamaludin.

Walikuwa wakipima unga mweupe wa kutiwa katika mafuta ya kujipaka, unga uliosagwa hata chembe yake moja haionekani kwa jicho. Wakitaka kujua kama una sumu, waliutia kwenye visahani vyenye seli za ngozi ya binadamu, wakaongeza rangi inayozing'arisha seli zilizo hai. Kisha hadubini iliyounganishwa na kompyuta ilipiga picha na kuhesabu yenyewe.

Majibu hayakumwingia Dama akilini. Kila unga ulivyozidi, ndivyo seli hai zilivyozidi. Tena Kamaludin ndiye aliyefika wa kwanza kila asubuhi, akawa peke yake na mashine. Mtu huyu anazichezea hesabu, Dama alijisemea, wala hakumwambia mtu.

Jumatano akamtega. Alitayarisha kisahani cha nane kwa unga na rangi tu, bila seli hata moja, akakipanga pamoja na vingine.

Kesho yake alidamka, akamkuta Kamaludin keshaketi.

"Sabalkheri, Bi Dama. Umewahi leo."

"Nimeona nije nitazame unavyofanya."

Mzee alimwangalia kidogo, akabonyeza kidude cha kuanzisha, akakunja mikono. Mashine ikafika kisahani cha nane: seli hai mia nne na kumi na mbili.

"Hicho hakina seli," Dama akasema. "Nimetia unga na rangi tu."

Kamaludin akatoa daftari mfukoni. Kwa majuma mawili alikuwa akija mapema kuhesabu kwa jicho lake kwenye hadubini, na hesabu hazikupatana na za mashine hata siku moja. "Nilidhani wewe wavibadilisha visahani nikiinuka," alisema.

Dama aliona haya, na hasira pia. Wakaziinamia picha pamoja. Vibonge vya unga vilikuwa vimeshika rangi, vikang'aa kama seli, na mashine haikujua tofauti. Walihesabu kwa macho hadi adhuhuri. Penye unga mwingi, katika kila seli mia, zilizo hai zilikuwa kumi na tisa.

Ripoti ya kwanza, iliyosema unga hauna sumu, ilikwisha kutumwa kwa wenye unga; siku ile ile wakapeleka barua ya kuifuta. Baada ya mwezi wenye unga walijibu kwamba wameuondoa kwenye mafuta. Kamaludin alimshukuru Dama mbele ya wenzao. Lakini tangu hapo wao wawili kila mmoja alihesabu kivyake, na hakuna aliyeonyesha karatasi yake kabla mwenziwe hajamaliza.